Magari 176 na kiwanda ambacho hakijaja: kisa cha Sumurgeneng

Katikati ya Februari 2021 video moja fupi ilizunguka Indonesia nzima. Malori ya kubebea magari yanaingia kijijini Sumurgeneng kwa msafara, mgongoni yamepakia magari mapya, na pembeni watu wamesimama na simu mkononi wanarekodi. Siku hiyo moja yaliingia magari 17. Waandishi walipomfuata mkuu wa kijiji, aliwaambia kwamba hayo ni sehemu tu: tangu fedha za fidia ya mashamba yaliyotwaliwa kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta zianze kutoka, watu wake walikuwa wameshanunua magari mapya 176. Haikupita muda kijiji kikapewa jina, kampung miliarder, kijiji cha mabilionea. Watu wakacheka, wengine wakaona wivu, video ikaendelea kusambazwa.

Mwaka haujatimia, tarehe 24 Januari 2022, watu wa kijiji hichohicho na vijiji jirani waliandamana mpaka kwenye eneo la mradi uliowalipa. Walikuwa wanadai kazi. Mzee mmoja wa Wadung, kijiji cha jirani, mtu wa miaka sitini, aliwaambia waandishi kwamba alikuwa na ng'ombe sita na ameshauza watatu ili apate kula.

Wengi walioona habari hizi mbili waliziunga kwa hukumu nyepesi: wakulima walipata hela, wakazitapanya, sasa wanalia. Mimi hukumu hiyo inaniuma. Nimekisoma kisa hiki kwa muda mrefu, na kila nikikirudia naona kwamba kosa kubwa halikufanyika kwenye duka la magari. Lilifanyika mapema zaidi, mezani, pale ilipoamuliwa fidia itolewe kwa sura gani na lini.

Mahali penyewe

Sumurgeneng ni kijiji cha tarafa ya Jenu, wilaya ya Tuban, mkoa wa Java Mashariki, kwenye pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java, kama kilomita 100 magharibi ya Surabaya. Sumur ni kisima. Geneng, kwa Kijava, ni mahali palipoinuka. Nje ya Indonesia jina hili halijulikani, na hata ndani yake, kabla ya video ile, lilikuwa linajulikana na majirani tu.

Tuban yenyewe si mahali padogo katika historia. Ni bandari ya kale. Jeshi lililotumwa na Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, kwenda kuiadhibu Java lilitia nanga huku mwaka 1293. Mjini kuna kaburi la Sunan Bonang, mmoja wa mawalii tisa wanaoheshimiwa kwa kuueneza Uislamu kisiwani Java, na wazuru hawakatiki. Ukitoka mjini unakuta ardhi ya mawe ya chokaa, kavu, na miti ya mivumo imesimama wima mashambani. Wagema hupanda kukinga tembo, yaani pombe ya mivumo hiyo, na tembo la Tuban hunywewa kwenye vikombe vya mwanzi.

Kilimo cha hapa si ule mpunga wa ngazi za kijani unaopigwa picha na watalii. Sehemu kubwa ni tegalan, yaani shamba la nchi kavu linalosubiri mvua: mahindi, karanga, pilipili. Mkulima hupanda mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, huvuna, hupanda tena kama ardhi bado ina unyevu. Hakuna anayetajirika, lakini kuna msimu, na msimu una hela yake. Yule mzee wa ng'ombe sita alisema mavuno yake ya mahindi na pilipili yalikuwa yakimpa takriban rupia milioni 40 kila mara. Kima cha chini cha mshahara wilayani Tuban mwaka 2021 kilikuwa kama milioni 2.5 kwa mwezi. Kwa hiyo mavuno yake ya mara moja yalikuwa sawa na mshahara wa kibarua wa miezi 16. Naomba msomaji aishike namba hiyo.

Tena viwanda havikuwa vitu vigeni kwa watu hawa. Chokaa ileile inayokausha mashamba ndiyo malighafi ya saruji, na kiwanda kikubwa cha Semen Gresik kilianza kazi Tuban mwaka 1994. Kwenye ufuko wa Jenu, katika kijiji cha Wadung kinachopakana na eneo la mradi, kuna mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 700. Hapohapo Jenu kuna kiwanda cha kemikali za petroli, TPPI, kilichoanza kujengwa miaka ya 1990, kikakwama katika mgogoro wa kiuchumi wa 1998, na hakikuzalisha kitu mpaka miaka ya 2000. Yaani wazee wa Jenu walikuwa wameshaona kwa macho yao kiwanda kikiahidiwa, kikisimama nusu, na miaka ikapita. Jambo hili huwa halitajwi na wanaowacheka.

Kwa nini ardhi ile

Indonesia iliwahi kuwa msafirishaji mkubwa wa mafuta na mwanachama wa OPEC, jumuiya ya nchi zinazouza mafuta nje. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikinunua nje zaidi ya inavyouza. Viwanda vyake vya kusafisha mafuta ni vya zamani; kile cha Balongan cha mwaka 1994 ndicho kikubwa cha mwisho kujengwa kwa miongo kadhaa. Uwezo wa nchi nzima ulikuwa kama mapipa milioni moja kwa siku, na matumizi yalikuwa yamepita hapo. Hivyo serikali ilipopanga kujenga kiwanda kipya cha mapipa 300,000 kwa siku, haja ilikuwepo kweli. Sioni sababu ya kuubeza mpango wenyewe.

Mwaka 2016 kampuni ya taifa ya mafuta, Pertamina, iliichagua Rosneft ya Urusi kuwa mbia. Mwaka 2017 wakaunda kampuni ya pamoja, Pertamina ikiwa na asilimia 55 na Rosneft 45. Mradi ukaingizwa kwenye orodha ya miradi ya kimkakati ya kitaifa. Eneo lililotakiwa lilizidi hekta 800. Sehemu yake ilikuwa ardhi ya serikali na ya misitu, lakini karibu nusu ilikuwa mashamba ya watu wa Sumurgeneng, Wadung na Kaliuntu.

Wenye mashamba walikataa. Hili nalo limesahaulika kwenye kicheko cha magari. Januari 2019 gavana wa Java Mashariki alitoa amri ya kulitenga eneo. Wanakijiji wakaenda mahakama ya utawala ya Surabaya kuipinga, na wakashinda. Kwa miezi michache amri ilikuwa imebatilishwa kwa nguvu ya wakulima wa mahindi. Kisha Mahakama ya Juu ya nchi ikatengua ushindi huo mwaka uleule wa 2019, na shughuli ya kutwaa ardhi ikaendelea. Mama mmoja wa Sumurgeneng aliyekuja kulipwa mabilioni aliwaambia waandishi kwamba mwanzoni hakutaka kabisa kuuza, kwa sababu shamba lake lilikuwa linazaa vizuri.

Sheria inavyofanya kazi

Hapa ndipo kiini cha kisa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Utwaaji wa ardhi kwa manufaa ya umma Indonesia unaongozwa na Sheria Namba 2 ya mwaka 2012. Kwa maandishi ni sheria inayomjali mwananchi kuliko zilizoitangulia. Bei haipangwi na anayetaka ardhi. Inapangwa na mthamini wa kujitegemea. Baada ya tathmini kunafanyika kikao kinachoitwa musyawarah. Sikio la Mswahili linalitambua neno hilo mara moja: ni ndugu wa mashauri na mashauriano, yote yametoka kwenye Kiarabu. Mtu akisikia musyawarah anatarajia watu wakae, washauriane, wapatane.

Lakini kwenye kikao hicho tathmini ndiyo msingi, na mazungumzo yanabaki hasa kwenye sura ya fidia na kiasi kilichokwisha kuandikwa. Asiyeridhika ana siku 14 za kazi kwenda mahakama ya wilaya. Asipokwenda, na bado akakataa kupokea, fedha yake inawekwa mahakamani kwa jina lake. Siku inapowekwa, haki yake juu ya ardhi inakwisha. Hati inabaki karatasi. Anaweza kuikataa hela, ila shamba limeshaondoka.

Kwa hiyo tunapomwita mtu wa Sumurgeneng "aliyeuza ardhi", tunatumia neno ambalo halimtoshi. Anayeuza anaweza kusema hapana akarudi nyumbani kwake. Huyu alipewa nafasi ya kuchagua kati ya kupokea hela mkononi na kuifuata mahakamani.

Maofisa wa Indonesia nao wana msamiati wao. Neno la kawaida la fidia ni ganti rugi, maana yake kulipia hasara. Siku hizi wanapendelea kusema ganti untung, kulipia faida, kuonyesha kwamba mwananchi anatoka na zaidi ya alichokuwa nacho. Na kwa bei ya Tuban, lazima nikiri, neno hilo halikuwa uongo mtupu. Wakulima walilipwa takriban rupia 600,000 hadi 800,000 kwa mita ya mraba, yaani bilioni 6 hadi 8 kwa hekta. Kwa shamba la mahindi linalosubiri mvua, hiyo ni bei kubwa sana. Anayesema Sumurgeneng ilipunjwa hajapiga hesabu.

Shida iko kwenye kifungu kingine cha sheria hiyohiyo. Sheria inataja sura kadhaa za fidia: fedha taslimu, ardhi mbadala, kuhamishiwa makazi mapya, hisa, au namna nyingine ambayo pande mbili zitakubaliana. Hisa, naam, zimo kwenye sheria. Ardhi mbadala imo. Sumurgeneng walipata fedha, mkupuo mmoja. Mtu aliyekuwa na kitu kinachomlipa kila msimu alipewa kitu kinacholipa mara moja, na kazi ya kukigeuza tena kiwe cha kila msimu akaachiwa yeye mwenyewe.

Hiyo ndiyo hoja yangu nzima. Ardhi ililipwa. Kazi iliyokuwa inafanyika juu ya ardhi haikulipwa, na aliyeitwaa hakubeba wajibu wa kuirudisha kwa sura nyingine, isipokuwa ahadi ya ajira katika kiwanda kitakachokuja.

Hesabu za mabilioni

Kwanza tusafishe neno "bilionea". Miliarder wa Indonesia ni mtu mwenye rupia bilioni moja, ambazo wakati ule zilikuwa kama dola 70,000. Ni hela nyingi kijijini, lakini si utajiri wa kwenye magazeti.

Kwa maelezo ya mkuu wa kijiji, kaya 225 za Sumurgeneng ziliuza, na wastani wa malipo ulikuwa kama bilioni 8, zaidi ya dola nusu milioni. Wastani lakini ni blanketi linalofunika miguu ya watu wa urefu tofauti. Waliolipwa zaidi walipata kupita bilioni 20. Waliolipwa kidogo walipata makumi ya mamilioni, hela isiyonunua hata hilo gari moja. Kuna na wengine ambao hawamo kabisa kwenye hesabu: vibarua waliokuwa wakipalilia na kuvuna pilipili mashambani mwa watu. Hawakuwa na ardhi, kwa hiyo hawakuwa na cha kulipwa. Shamba lilipokwenda, ujira wao ulikwenda nalo, na kwenye video hawaonekani.

Mkuu wa kijiji alieleza pia fedha zilivyotumika: kama asilimia 90 ya waliolipwa walinunua gari, asilimia 75 walinunua ardhi nyingine, asilimia 50 walijenga au kukarabati nyumba, na walioanzisha biashara walikuwa wachache. Hazijumlishwi zikawa mia kwa sababu kaya moja ilifanya mambo mawili matatu.

Dunia iliiona namba ya kwanza tu. Mimi naomba tuitazame ya pili. Robo tatu ya watu waliokwisha kubeba mabilioni walirudi kutafuta ardhi. Hao si watu walioshindwa kujua thamani ya shamba. Lakini fikiria soko lilivyokuwa: mamia ya familia zinatafuta mashamba wakati mmoja, katika tarafa ileile, na kila muuzaji anajua wana hela mkononi na anajua mita ya mraba imelipwa rupia ngapi na Pertamina. Bei ya jirani haiwezi kubaki ya jana. Mtu anatoa hekta, anarudishiwa pungufu, tena mbali na kwake.

Sasa magari. Tuchukue gari la familia la aina ya Innova, ambalo wengi walilipenda, na tulikadirie rupia milioni 400. Kwa bei ya 700,000 kwa mita, gari hilo ni mita za mraba 570 za shamba, kipande cha kama mita 24 kwa 24. Magari 176 ya bei hiyo ni hekta 10. Ni hekta 10 kutoka kijiji kilichotoa mashamba mengi zaidi ya hapo. Haikuwa busara, na gari lenyewe linadai mafuta, kodi ya kila mwaka na matengenezo. Baadhi ya wanunuzi hawakujua hata kuliendesha. Lakini magari peke yake hayakuimaliza fedha ya Sumurgeneng. Yalikuwa kitu rahisi kupiga picha.

Weka upande wa pili njia ambayo mtu angeshauriwa benki. Bilioni 8 kwenye akaunti ya muda maalumu, tuseme kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, zinatoa milioni 240. Kodi ya riba ni asilimia 20, zinabaki milioni 192, yaani milioni 16 kwa mwezi, zaidi ya mara sita ya kima cha chini. Mtu angeishi vizuri bila kushika jembe. Ila ili afanye hivyo alitakiwa ajue kwamba mfuko wa bima ya amana wa Indonesia unalinda mwisho bilioni 2 kwa kila mwenye amana katika kila benki, kwa hiyo azigawe benki nne. Ajue kwamba mfumuko wa bei utazila taratibu. Aweze kukataa mtoto anayetaka kuoa, ndugu anayedai fungu lake la urithi, rafiki mwenye wazo la biashara. Afanye yote haya akiwa amezoea fedha zinazokuja kwa msimu, na ajifunze ndani ya wiki chache katikati ya korona.

Kama anayetoa fidia ana wanasheria, wathamini na wahasibu wake kwa miaka mitano kabla ya kuandika hundi, basi anayepokea naye alistahili miaka kadhaa ya kusindikizwa baada ya kuipokea. Malipo ya awamu yangewezekana. Sehemu kama ardhi na sehemu kama fedha ingewezekana. Sheria haikukataza.

Waliodai kazi

Waandamanaji wa Januari 2022 walitoka vijiji sita vinavyozunguka eneo. Walitaka watu waliopisha mradi wapewe kipaumbele kwenye ajira, hata zile za ulinzi. Kazi ya ulinzi ndiyo iliyokuwepo, kwa sababu kiwanda hakikuwepo. Kulikuwa na kusafisha eneo, kusawazisha, kuweka uzio, na kulinda uzio. Upande wa kampuni ulijibu kwamba wengi wa waliokuwa wakifanya kazi eneoni walikuwa wenyeji wa Tuban, na kwamba vijana walikuwa wakipelekwa mafunzoni; baadhi walifadhiliwa kusoma chuo cha nishati na madini cha Cepu, mji wa mafuta usio mbali na Tuban. Hilo ni jambo jema na silidharau. Kijana anayesoma Cepu anaandaliwa kwa kiwanda. Baba yake mwenye miaka 55, aliyezoea jembe, haandaliwi kwa chochote.

Halafu, mwezi mmoja kamili baada ya maandamano, tarehe 24 Februari 2022, Urusi iliivamia Ukraine. Mbia wa asilimia 45 alikuwa Rosneft. Vikwazo vya Magharibi vilifanya mikopo, teknolojia na bima ziwe ngumu kwa mradi wowote wenye jina hilo. Gharama, zilizokadiriwa kuwa dola bilioni 13 na kitu, zikapanda makadirio hadi kupita bilioni 20. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza, ile hatua ambayo bila hiyo hakuna nguzo inayosimamishwa, ulitangaziwa tarehe, ukasogezwa, ukatangaziwa nyingine, ukasogezwa tena. Oktoba 2025 Marekani ikaiweka Rosneft kwenye orodha yake ya vikwazo kamili. Mpaka wakati huo kiwanda cha mapipa 300,000 kilikuwa hakijaanza kujengwa.

Vita hakuna aliyeipanga Tuban. Lakini kukwama kwa miradi mikubwa si ajali isiyotarajiwa. Wenye TPPI walikwama hapohapo Jenu miaka ishirini kabla. Mtu anayepanga fidia kwa akili ya tahadhari anajiuliza: ikiwa kiwanda kitachelewa miaka mitano, hawa watakula nini katika miaka hiyo? Ardhi ilitwaliwa yote kabla uamuzi wa kujenga haujafanywa. Mkulima alipewa siku 14 za kazi kupinga tathmini. Uamuzi wa kuwekeza haukuwa na siku ya mwisho.

Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika kisa kizima, nisingegusa bei. Ningegusa mpangilio: wenye mashamba waendelee kulima mpaka siku ambayo trekta la ujenzi lina kazi ya kweli, na fidia ianze kwa fungu la kwanza wakati shamba bado linazaa. Kiwanda kisipokuja, mahindi yanavunwa. Kikija, familia imeshajifunza kushika fedha kubwa ikiwa na ndogo ya kila msimu mfukoni.

Narudi kwa yule mzee wa Wadung na ng'ombe wake, kwa sababu nadhani habari yake ilisomwa nusu. Wengi walisikia: ameishiwa, anauza mifugo. Kwa Kijava mifugo ya nyumbani huitwa rajakaya, na ng'ombe kwa mkulima wa Java ndiye benki: ananunuliwa mavuno yakiwa mazuri, anauzwa mtoto akienda shule au mtu akiugua. Lakini ng'ombe huyo hali nyasi za kununua. Shamba la mahindi linamlisha. Mabua na majani mabichi yanakatwa, yanafungwa matita, yanabebwa hadi bandani. Ukiondoa shamba, hujaondoa mahindi ya mwenye nyumba peke yake. Umemnyang'anya na ng'ombe chakula chake, na kila siku anayokaa bandani sasa anagharimu hela.

Maandamano yalikuwa Januari. Januari kwenye pwani ya kaskazini ya Java ni katikati ya mvua, na mahindi yaliyopandwa mwishoni mwa mwaka huwa yamesimama, majani mabichi, tayari kukatwa. Mwaka ule, kwenye mashamba yaliyopisha mradi, hakukuwa na mahindi wala kiwanda, na bandani kwa mzee walibaki ng'ombe watatu.